Baba, Misi ya Pikapu Nimeipata

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia. Mkono wenyewe unakataa.

Nimeipata misi ya pikapu yako, kile kikohozi cha injini. Nilipoipata nilishika simu nikupigie. Kweli nilishika simu, nikafika hadi kwenye jina lako, ndipo nikakumbuka. Basi nakuandikia. Nimekaa ndani yake, kwenye kiti chako, hapa gereji Tunduma. Ni Jumapili, mafundi wenzangu hawajaja, na malori yamepanga foleni mpakani kama ulivyoyaacha. Harufu yako bado imo humu. Tumbaku kidogo, kahawa kidogo, na ile sabuni ya kipande.

Msimu ule wote ulipokuwa ukipiga simu, habari ya kwanza ilikuwa afya ya Mama, ya pili mahindi, ya tatu misi. "Mama," uliniita hivyo siku zote kwa kuwa nina jina la mama yako, "hili gari bado linamisi. Likiwa tambarare ni zima kabisa. Nikianza kupanda na mzigo, linakohoa, linakosa pigo, linatetemeka, halafu linashika tena." Nami nikakujibu, "Badilisha plagi, Baba." Ukabadilisha. Ukapiga tena. "Basi ni kabureta, isafishwe." Ukamwita fundi wa Mlowo akaisafisha. Ukapiga tena. Hukuwahi kunilaumu kwamba dawa zangu hazifanyi kazi. Ulikuwa unasema tu, "Labda mimi sijaeleza vizuri."

Siku moja uliweka simu juu ya injini ili nisikilize mwenyewe. Ulikanyaga mafuta, sijui uliwezaje kukanyaga na kushika simu kwa wakati mmoja, nadhani mdogo wangu Zeka alikusaidia. Ukarudi ukauliza, "Umeisikia?" Nikasema nimeisikia.

Baba, sikusikia kitu. Nyuma yangu tulikuwa tunagonga nyundo kwenye ekseli ya lori la Mzambia, na dereva wake alikuwa ananihimiza, "Mukwai, mukwai," yaani tafadhali, "nachelewa." Nilisema nimeisikia ili ukate simu. Halafu nikaongeza, "Nitakuja mwisho wa wiki niifungue mwenyewe." Ulifurahi sana. Ulisema utamwambia Mama amkamate yule jogoo mkorofi.

Sikuja. Wala mwisho wa wiki uliofuata. Kutoka Tunduma hadi kijijini kwetu Ruanda si safari ya kumshinda mtu. Watu huenda kuzika kule na jioni wakarudi. Na mimi ndivyo nilivyokuja hatimaye. Nilikuja kuzika.

Wewe ndiye uliyenifanya fundi. Nikiwa mdogo ulinikalisha pembeni yako tukipeleka kahawa, wewe ukakanyaga klachi na kuita, "Tatu!" nami nikavuta gia kwa mikono miwili. Nilipotaka kwenda kusomea magari, baba mdogo Yohana aliuliza nani ataoa msichana mwenye mikono ya grisi. Ulimjibu bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye sahani: "Grisi inatoka kwa sabuni." Ukaenda kulipia chuo. Na gari pekee ambalo fundi huyo hakulifungua ni lako.

Asubuhi ile naijua kwa vipande. Kulikuwa na ukungu na mvua ya manyunyu. Uliamka kifua kimekubana, jasho linakutoka na huku ni baridi. Mdogo wangu Zeka akakuingiza kwenye pikapu. Mama akabaki akikusanya mashuka na nguo zako, akaja nyuma na bodaboda ya jirani. Katika kile kilima cha kabla ya kutokea barabara ya lami, injini ikaanza kukohoa. Ikakosa, ikashika, ikakosa, ikazima. Zeka akapiga stata mpaka betri ikalegea. Akakuacha, akakimbia hadi lamini, akasimamisha fuso iliyobeba viazi, akarudi kukubeba mgongoni hadi hapo.

Ulifika hospitali ukiwa hai. Nilipofika mimi, Mama alikuwa amekaa nje kwenye benchi na viatu vyako mapajani.

Daktari alisema moyo wako ulikuwa umechoka muda mrefu, na kwamba kuwahi kule pengine kusingebadilisha kitu. Alisema "pengine." Watu wamenishauri nishike hilo neno. Nimejaribu. Halishikiki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua hukuliona, kwa sababu ulikuwa umeshafunikwa udongo.

Siku ya mazishi, watu wakila, nilimkuta Zeka amesimama karibu na pikapu. Walikuwa wameivuta nyumbani na kuiegesha kando ya mibuni. Baba wadogo walikuwepo, majirani walikuwepo. Nikamwuliza, "Ilizima kwa nini?" Akaangalia chini. Nikamwuliza tena. Akasema, "Ni mafuta, dada." Hakuongeza neno.

Basi nikamalizia mwenyewe. Hapa mpakani najua magari mangapi yanaletwa yamekufa kwa petroli ya madumu, ile ya kununua uchochoroni, wenye tamaa wameichanganya na maji. Nikadhani Zeka ameitia hiyo. Nikapiga kelele hadi sahani zikatulia. "Ulimpakia Baba mgonjwa kwenye gari lenye maji ndani ya tangi! Umemuua Baba kwa dumu la petroli!"

Nilisema "umemuua," Baba. Mwanao wa kiume, aliyekubeba mgongoni kwenye ule utelezi, nikamwambia hivyo mbele ya watu. Alinitazama tu. Midomo ilifunguka kidogo, kisha akaifunga. Baba mdogo Yohana akanishika mkono akanikalisha, lakini hakuna aliyesema kwamba nimekosea. Mimi ndiye fundi. Nani angebishana na mimi habari za injini?

Baada ya matanga kuanuliwa, Zeka alichukua begi akaenda Galula, kwenye machimbo ya dhahabu. Simu zangu hakupokea. Na kijijini lile neno likabaki. Nilikuja kuambiwa kwamba hata kilabuni walikuwa wakimtaja hivyo: yule aliyemtilia baba yake maji.

Mama hakunisema. Unamjua Mama, akikasirika sana ndipo anakuwa mpole. Alikaa miezi akiamka na kuiona pikapu pale pale, kuku wameshaanza kutaga kwenye bodi. Siku moja akanipigia: "Njoo ukitoe hiki kitu hapa. Kila nikifungua mlango, namwona baba yako amekaa ndani." Nikaja na lori la rafiki, tukaivuta hadi Tunduma.

Naomba nikueleze kila kitu nilichofanya, kwa sababu wewe ulipenda kuelezwa. Kitu cha kwanza nilifungua tangi nikatoa petroli. Hata boneti sikuinua. Niliimimina kwenye chupa ya kioo, nikaiweka dirishani itulie. Maji ni mazito, Baba, hushuka chini yakajitenga, utaona mstari. Nilikuwa nautafuta ule mstari. Nitakwambia ukweli, nilikuwa nauombea. Asubuhi nikainua chupa kwenye mwanga. Petroli ilikuwa safi kama iliyotoka kituoni. Nikaitikisa, nikaiweka tena, nikasubiri siku nyingine nzima. Safi.

Nikafungua kabureta, labda maji yamebaki humo. Pakavu. Nikafungua chujio. Safi. Mwenzangu wa gereji, Sichone, alikuwa ananitazama huku anajipangusa mikono. Unamkumbuka, ni yule Mnamwanga mrefu uliyesema anatembea kama korongo. Akaniambia, "Dada Tumaini, unatafuta ugonjwa au unatafuta mtu?"

Nilikwenda kukaa nyuma ya gereji nikijifanya natafuta spana.

Kesho yake nilianza upya, kama fundi. Tukaichaji betri, ikawaka mara moja. Ikasimama pale inaunguruma vizuri kabisa, ingekudanganya. Nikachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine ili nijue ni silinda gani imelala. Hakuna iliyolala, kila niliyoichomoa, injini ilitetemeka. Plagi zilikuwa mpya, zile ulizonunua kwa maneno yangu. Nikapima nguvu ya kila silinda, zote sawa. Tukatoka nayo barabarani. Tambarare, zima. Tukapakia mifuko ya mchanga, tukaipandisha kilima. Ikakohoa.

Hapo ndipo niliisikia kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kama ulivyoeleza, neno kwa neno. Inakosa pigo, inatetemeka, inashika tena. Ulikuwa umeeleza vizuri sana, Baba. Mimi ndiye sikuwa nasikiliza.

Nikabadilisha waya za plagi. Ikakohoa. Nikabadilisha koili. Ikakohoa. Nikafunga kifuniko kipya cha distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi, na rota yake. Siku hiyo haikukohoa, nikashangilia. Kesho yake tukaipandisha tena, ikakohoa vilevile. Sichone akasema tuiuze chuma chakavu. Nilimwambia akirudia neno hilo atafute gereji nyingine. Alinicheka, lakini hakurudia.

Halafu nikakaa nikafikiri maneno yako: tambarare ni zima, mlimani na mzigo linakohoa. Kitu gani ndani ya injini hubadilika inapobeba mzigo? Ndani ya distributa kuna kisahani kidogo kinachozunguka kidogo kulia na kushoto, kinavutwa na upepo wa injini kupitia mpira mwembamba. Gari likiwa tambarare, kisahani kinakaa upande huu. Ukikanyaga mafuta kupanda, kinarudi upande ule. Na juu ya kisahani hicho kuna waya mdogo, mfupi kuliko kidole, unaopeleka umeme wa kuwasha plagi zote. Kila kisahani kinapozunguka, ule waya unakunjwa.

Nikaufungua. Kwa macho ulikuwa mzima, ngozi yake haina hata mkwaruzo. Nikafunga mita kwenye ncha zake, umeme unapita. Nikachomoa ule mpira wa upepo, nikautia mdomoni, nikavuta pumzi. Kisahani kikazunguka. Umeme bado unapita. Nikauachia, kisahani kikarudi. Sindano ya mita ikaanguka.

Nikavuta tena, nikaachia tena. Ikaanguka tena. Nikamwita Sichone aje ashuhudie, maana sikujiamini. Nikaupasua ule waya kwa wembe. Ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote, zimeota ukijani, zinagusana tu kwa bahati. Miaka ya kukunjwa. Hakukuwa na maji wala dumu, wala kosa la aliyekuwa anaendesha. Asubuhi ile katika kilima zile nyuzi ziliachana, na stata yote aliyopiga Zeka isingeziunganisha.

Nilikata kipande cha waya mpya, nikakilehemu kwa risasi, nikakifunga. Nilipomaliza, chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Hicho ndicho kinachonila. Ingekuwa ugonjwa mkubwa, ningesema hata ningekuja nisingeuweza. Kumbe ugonjwa wenyewe ulihitaji mtu aje, afungue boneti, akae nao. Usingepona kwa simu, na mimi nilikuwa na simu tu ya kukupa.

Nikaenda Galula. Nilipanda basi hadi Mbalizi, kisha bodaboda kuteremka, vumbi na joto, dereva ananiuliza kama nami natafuta dhahabu. Nilimkuta Zeka kwenye banda la mama ntilie karibu na machimbo, anakula ugali. Amekonda. Ana ndevu, Baba, zinafanana na zako. Aliponiona alisimama akanisogezea kigoda, kama ulivyotufundisha mgeni apewe kiti kabla ya maneno. Nikashindwa kukaa.

Nikamwambia, "Haikuwa maji. Ni waya ndani ya distributa. Nimekusingizia."

Akasema, "Najua haikuwa maji. Yale mafuta nilijaza kituoni Mlowo, na Baba alikuwepo."

"Sasa kwa nini ulisema ni mafuta?"

Alimega tonge, hakulila. Kisha akanieleza. Kwamba gari lilipozima pale kilimani, wewe ndiye uliyekuwa mtulivu. Kwamba alipotaka kukimbia lamini ulimshika shati, ukamwambia: "Dada yako akiuliza, mwambie mafuta yaliisha. Usimtajie misi. Atajila bure."

"Nilitaka kusema hivyo," Zeka akaniambia. "Nilianza. Nikasema ni mafuta. Wewe ukachukua neno ukaenda nalo. Nikaona nikikurudisha, itabidi niseme ni misi. Na Baba alikuwa ameniomba."

Nilikaa chini kwenye vumbi, si kwenye kigoda. Mama ntilie akaja akidhani nimeanguka kwa jua.

Baba, kifua kilikuwa kimekubana, mvua inakunyeshea, na wewe ulikuwa unanitafutia uongo mdogo wa kunifunika. Nami nikauchukua nikaufanya fimbo ya kumpigia mdogo wangu.

Nilimwomba msamaha. Alisema, "Sijakukasirikia, dada. Nimechoka tu kutazamwa." Nikamwomba arudi nyumbani. Akatikisa kichwa. Tulikula pamoja, tukazungumza habari za Mama, akanisindikiza hadi kwenye pikipiki. Hakunikumbatia, lakini alimwambia dereva aende polepole.

Niliporudi niliichukua pikapu nikaipeleka Ruanda mwenyewe. Nilipakia mifuko ya saruji ya Mama, makusudi, iwe nzito. Nilipofika kwenye kile kilima kulikuwa na ukungu. Niliogopa, nikakanyaga mafuta. Ikapanda bila kukosa pigo hata moja, kama gari ambalo halijawahi kuugua. Juu ya kilima niliisimamisha nikalia, kwa sababu ilipanda.

Nikaomba baba wadogo waitwe, na majirani wale wale. Mama akapika. Nikasimama pale kando ya mibuni nikasema niliyoyasema siku ya mazishi, na kwamba yalikuwa uongo wangu. Nikasema gari liliharibika zamani, Baba akaniita, nikaitikia kwa mdomo. Baba mdogo Yohana akasema, "Mwanangu, hayo yamepita." Nikamwambia kwa Zeka hayajapita. Kisha akamwomba Mama namba ya Zeka, akaondoka nayo hadi uani. Sijui walisema nini. Alikaa huko muda mrefu, na aliporudi alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa koti.

Hukumu ya Mama ilikuwa fupi. Alinipakulia nyama, akasema, "Kula. Halafu uende kwa mdogo wako tena." Kuhusu ule uongo wako wa mafuta kuisha, nilimweleza tulipobaki wawili. Alicheka, Baba. Mara ya kwanza tangu uondoke. Akasema, "Mume wangu hakuwahi kuishiwa mafuta maisha yake yote. Angesema chochote kingine, ningeamini." Kisha kicheko kikageuka kilio, nikamshika.

Pikapu nimerudi nayo Tunduma. Kahawa imezaa vizuri mwaka huu. Yule jogoo mkorofi bado yupo. Zeka hajarudi. Juzi alipokea simu yangu, tukazungumza habari ya joto la Galula, na mwishoni akaniuliza kama pikapu bado inapanda. Nikamwambia inapanda. Akasema, "Haya." Ndiyo yote, na nimeishika.

Siombi unisamehe. Nadhani ulishanisamehe pale pale kilimani, kabla sijafanya lile kosa kubwa zaidi, na hilo ndilo linanisumbua usiku na mchana. Ninakuahidi kitu kimoja tu. Nitakuwa nakwenda Galula. Sitakwenda kumvuta arudi, wala kumweleza jinsi ninavyoumia. Hiyo si kazi yake. Nitakaa naye, nitakula naye, nitamwuliza habari zake, na akinijibu nitamsikiliza hadi mwisho. Akichoka na machimbo siku moja, atakuta njia ya nyumbani nimeifagia mwenyewe.

Pumzika, Baba. Udongo wa Ruanda usikulemee. Mama anakusalimu, na Zeka pia, ingawa hajanituma.

Ni mimi, mwanao,
Tumaini